Atlanta au Chicago? Kwanza tuangalie ofisi iko wapi

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 28, mzaliwa wa Mwanza. Nilikuja Indiana kusoma uhasibu nikabaki, na sasa nina CPA, leseni ya uhasibu, na ukaazi wa kudumu. Nimepata ofa mbili za kazi ya ukaguzi wa hesabu. Ya Atlanta ni dola 88,000 kwa mwaka, ofisi iko Alpharetta. Ya Chicago ni dola 97,000, ofisi iko Loop, katikati ya mji. Zote zinataka niwepo ofisini siku tatu kwa wiki. Sina gari, leseni ninayo ila barabara kuu naziogopa. Kila mwezi namtumia mama dola 300, na ndani ya miaka mitano ningependa kununua nyumba. Rafiki zangu wote, Waafrika kwa Wamarekani Weusi, wanasema niende Atlanta kwa sababu ndiko Weusi wamefanikiwa, na kwamba Chicago ni baridi na risasi tu. Nimechungulia pango: nyumba ya chumba kimoja Midtown Atlanta ni 1,850, Hyde Park Chicago ni 1,650. Kusema kweli nimechoka kuwa Mweusi peke yangu ofisini. Ofa zote zinaisha wiki ijayo. Nishike ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Ofa mbili kwa mpigo si jambo dogo.

Kwa barua hii uliyoniandikia, nenda Chicago. Ungeniandikia barua nyingine, yenye gari, mwenza, na ofisi iliyoko Midtown ya Atlanta, huenda ningekwambia ufungashe uelekee kusini. Rafiki zako hawajakudanganya. Wameisifia Atlanta, nayo inastahili sifa nyingi. Ila wewe hujaitwa Atlanta, umeitwa Alpharetta.

Alpharetta ni mji unaojitegemea, kaskazini mwa kaunti ya Fulton, kama kilomita 40 kutoka katikati ya Atlanta. Treni ya MARTA, usafiri wa umma wa Atlanta, haifiki huko. Inaishia North Springs, na kutoka hapo ni basi. Wanaofanya kazi kule karibu wote wanaishi na barabara ya Georgia 400, asubuhi na jioni, kila mtu na gari lake. Sasa fungua ramani utafute wanakoishi Weusi wa Atlanta. Utaenda kusini na mashariki: Cascade, College Park, East Point, mji wa South Fulton ulioundwa mwaka 2017 ambao zaidi ya asilimia 90 ya wakazi wake ni Weusi, kaunti ya Clayton, na DeKalb kuelekea Lithonia na Stonecrest. Hayo maisha unayosimuliwa, ya jirani Mweusi daktari na kanisa limejaa magari mapya, yako upande huo. Ofisi yako iko upande wa pili wa ramani.

Na huo umbali una historia. Mwaka 1971 MARTA ilipopelekwa kwa wapiga kura, kaunti za Gwinnett na Clayton ziliikataa. Zilikuwa za Wazungu wakati huo, na wengi hawakutaka usafiri utakaowaletea Weusi wa mjini. Gwinnett imeulizwa tena mara kadhaa, ikiwemo 1990 na 2019, ikakataa. Clayton ilibadilika wakazi, ikawa na Weusi wengi, na mwaka 2014 ikapiga kura kuingia. Kwa hiyo unapoona mchoro wa treni za Atlanta umekatika ghafla mahali, jua kuna kura iliyopigwa pale. Asiye na gari ndiye anayelipa gharama ya kura hizo mpaka leo.

Unaweza kusema utapanga Midtown. Sawa. Asubuhi utakuwa unaenda kinyume na wanaoingia mjini, hiyo ni nafuu kidogo, lakini 400 siku hizi inajaa pande zote mbili, na wewe mwenyewe umesema barabara kuu zinakutisha. Unaweza pia kupanga Alpharetta yenyewe ili uwe karibu na kazi. Hapo utakuwa umeondoka Indiana kwenda kuishi Indiana yenye joto: mji safi, salama, shule nzuri, na Weusi wachache. Si hicho ulichoniambia umekichoka?

Sasa hesabu, na hapa nisahihishe kwa sababu ndiyo kazi yako. Chicago inakuzidishia dola 9,000. Ziko kwenye ngazi ya asilimia 22 ya kodi ya serikali kuu, ongeza asilimia 7.65 ya makato ya hifadhi ya jamii na Medicare, bima ya afya ya wazee: zinaondoka kama 2,670. Kodi ya jimbo la Illinois ni asilimia 4.95 bila kusamehewa kiasi cha maana. Ya Georgia kwa mwaka 2025 ilikuwa asilimia 5.19, lakini ilisamehe dola 12,000 za mwanzo kwa asiye na ndoa, kwa hiyo mwisho wa siku Illinois itakukata kama 700 zaidi. Kinachobaki mkononi ni kama 5,600 kwa mwaka, tuseme 465 kwa mwezi. Pango la Hyde Park ni pungufu kwa 200. Dukani Chicago inakubana, kwa kuwa mwaka 2025 kodi ya mauzo ilikuwa asilimia 10.25 dhidi ya 8.9 ya Atlanta. Lakini hiyo unaihisi ukinunua televisheni. Kwenye pango na nauli, ambako ndiko pesa yako inakokwenda, haipo.

Kisha gari. Gari la mtumba la dola 18,000 ukilinunua Georgia unalipia kodi ya umiliki asilimia 7 ya thamani yake. Hiyo ni dola 1,260 kabla hujaliwasha. Halafu rejesho la mkopo, bima, mafuta ya kilomita 80 kwenda na kurudi, na maegesho ya jengo unaloishi, maana Midtown maegesho nayo yana bei yake. AAA, chama cha wenye magari, hukadiria kila mwaka gharama ya kumiliki gari jipya Marekani. Mwaka 2024 walitoa dola 12,297 kwa mwaka. Lako ni la mtumba, basi tuweke nusu na ushei kidogo: 550 kwa mwezi. Chicago pasi ya mwezi ya treni na basi haifiki 100.

Jumlisha: 465 za mshahara, 200 za pango, 450 za usafiri. Tofauti ni kama dola 1,100 kila mwezi. Hata ukila theluthi yake kwenye kumbi za vichekesho na nguo za baridi, miaka mitatu unakuwa na malipo ya mwanzo ya nyumba unayoitaka, na mama hajapunguziwa chochote. (Kwa habari ya mama: tangu Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa fedha taslimu zinazotumwa nje ya Marekani. Tuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi, haitakugusa.)

Hapo nimeongea kama mhasibu mwenzio, lakini najua swali lako halikuwa la pesa. Umeuliza ni wapi utapumua. Tuongee basi.

Atlanta ilijijenga kuwa ilivyo kwa makusudi. Mwaka 1973 ilimchagua Maynard Jackson, meya wa kwanza Mweusi katika mji mkubwa wa kusini, naye alipojenga jengo jipya la abiria la uwanja wa ndege alisimama kidete kwamba robo ya kandarasi ziende kwa kampuni za Weusi na wachache wengine. Walimtishia, hakurudi nyuma. Matajiri wengi Weusi wa mji ule wana mzizi kwenye saruji ya uwanja huo, ambao leo una jina lake. Kabla yake kulikuwa na Alonzo Herndon, aliyezaliwa utumwani, akawa kinyozi, akaanzisha kampuni ya bima Atlanta Life mwaka 1905. Kuna benki ya Citizens Trust ya mwaka 1921. Na juu ya yote kuna vyuo: Morehouse, Spelman, Clark Atlanta, vimepakana.

Vyuo hivyo ndivyo mlango. Hapa ndipo Mwafrika aliyetoka nje huwa hajiandai. Koneksheni za Atlanta zinapita kwa waliosoma pamoja, kwa vyama vya udada na udugu vya vyuoni, kwa makanisa ambayo bibi yake mtu naye aliabudu hapo. Utakaribishwa, watu wa kule ni wakarimu mno, utaalikwa kwenye nyama choma ya Jumapili. Lakini kati ya kualikwa na kushikwa mkono kuna safari ya miaka, hasa kama umesoma Indiana na unakaa saa za jioni kwenye foleni ya 400. Kuna utafiti uliotoka mwaka 2014 wa wachumi walioongozwa na Raj Chetty. Walifuatilia watoto waliozaliwa katika familia za moja ya tano ya chini kabisa ya kipato, wakaangalia wangapi walifika moja ya tano ya juu. Eneo la San Jose ilikuwa asilimia 12.9, Chicago 6.5, Atlanta 4.5. Wewe si mtoto wa Atlanta maskini, unaingia na CPA mkononi, kwa hiyo takwimu hiyo haikuhusu moja kwa moja. Inakuonyesha tu kwamba mafanikio yale unayoyaona picha zake yamebebwa sana na waliofika wakiwa tayari na kitu, au waliozaliwa ndani ya mlango.

Na huo "mji wa Weusi" wenyewe unahama. Mwaka 1990 Weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi wa Atlanta. Sensa ya 2020 iliwakuta kama asilimia 47. Pango limewasukuma vitongojini, huko huko kusini na mashariki nilikokuonyesha.

Sasa nisije nikakuuzia Chicago kama dalali. Ina jeraha lake, na utaliona siku ya kwanza ukipanda treni ya Red Line kuelekea kusini saa ya kutoka kazini. Loop behewa lina kila aina ya mtu. Vituo viwili vitatu, wanashuka. Ukipita Cermak-Chinatown, unatazama kushoto na kulia unakuta waliobaki karibu wote ni Weusi, mpaka mwisho wa njia mtaa wa 95. Upande wa kaskazini ni kinyume chake. Weusi wako kusini na magharibi, Wazungu kaskazini, na mpaka wake ulichorwa na mabenki, madalali na serikali yenyewe kwenye ramani za mikopo za miaka ya 1930. Mwaka 1980 Chicago ilikuwa na Weusi karibu milioni 1.2. Mwaka 2020 hawakufika 800,000. Majengo makubwa ya makazi ya umma yalibomolewa, mwaka 2013 jiji likafunga shule karibu 50 kwa mkupuo, nyingi za mitaa ya Weusi, na watu wakafungasha. Wengine wamevuka kwenda Indiana yako hiyo, wengine wamekwenda Atlanta. Babu zao walipanda treni kutoka Mississippi na Alabama kukimbilia Chicago, wajukuu wanarudi. Usishangae basi kwamba rafiki zako wanaisema vibaya. Baadhi yao ni watoto wa waliochoka.

Kuhusu risasi, piga hesabu ya wastani. Mwaka 2022 Chicago ilikuwa na mauaji karibu 700 kwa watu kama milioni 2.7. Atlanta ilikuwa na zaidi ya 160 kwa watu nusu milioni. Gawanya, utaona Atlanta iliizidi. Tangu hapo yamepungua miji yote miwili. Chicago inatangazwa zaidi kwa sababu ni kubwa na kwa sababu wanasiasa wameifanya kijiti cha kuchapana. Haimaanishi utembee ovyo. Inamaanisha ukiuliza "mji upi salama" unapoteza muda. Uliza mtaa, uliza kituo cha treni, uliza saa ngapi unarudi.

Hyde Park uliyoichagua ni chaguo zuri. Ni mtaa wa upande wa kusini wenye Weusi na Wazungu waliochanganyika kweli, jambo adimu Chicago, kuna Chuo Kikuu cha Chicago, na ziwa liko hapo. Harold Washington, meya wa kwanza Mweusi aliyechaguliwa 1983, alikaa huko, na akina Obama nyumba yao iko jirani, Kenwood. Ila Red Line haipiti karibu, usitegemee hiyo. Panda treni ya Metra Electric kituo cha mtaa wa 53, dakika chache uko katikati ya mji, au basi namba 6 linalopita kando ya ziwa. Ukitaka pango la chini zaidi na mtaa wa Weusi hasa, angalia Bronzeville. South Shore pana majengo mazuri karibu na ziwa, lakini tofauti kati ya mtaa na mtaa unaofuata ni kubwa. Usisaini bila kwenda usiku kuona.

Majengo ya matofali ya huko ya ghorofa tatu yana redieta za chuma zinazogonga na kupiga miluzi alfajiri; utazoea. Muulize mwenye nyumba kama joto limo ndani ya pango, maana kwenye majengo ya zamani mara nyingi limo, na hiyo ni pesa. Kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 1 Juni, kama yeye ndiye anayeendesha mtambo wa joto, sheria ya jiji inamtaka aweke angalau nyuzi 20 mchana na karibu 19 usiku. Chicago ina sheria ya wapangaji tangu 1986 ambayo inambana mwenye nyumba kuhusu amana mpaka wengi wameacha kuchukua amana. Badala yake wanatoza ada ya kuingia, dola mia kadhaa, ambayo hairudi. Si wizi, ni kawaida ya huko, lakini bei yake inajadilika. Georgia ilikuwa nyuma sana kwenye haya. Ni Julai 2024 tu ndipo jimbo lilipoweka kikomo cha amana kuwa miezi miwili na kumtaka mwenye nyumba atoe siku tatu za kazi kabla ya kufungua kesi ya kumtoa mpangaji.

Baridi sitaipigia kelele kwako uliyekaa Indiana. Januari 2019 Chicago ilishuka mpaka nyuzi 31 chini ya sifuri, lakini siku za namna hiyo ni chache. Kinachowashinda watu wetu ni giza: Desemba jua linazama saa kumi na dakika ishirini jioni, unatoka ofisini kumeshakuwa usiku. Panga kitu cha kukutoa ndani Jumanne na Alhamisi, mazoezi, kwaya, chochote, kabla ya Novemba. Na ukiona mtu ameweka kiti kibovu cha jikoni katikati ya maegesho mtaani baada ya theluji, usikisogeze. Amechimba theluji ile kwa koleo, na kiti ndiyo hati yake ya muda. Watu wamegombana sana kwa viti hivyo.

Sasa kidonda chenyewe: kuwa Mweusi peke yako ofisini. Mji hauketi na wewe ofisini. Weusi ni kama asilimia 2 tu ya CPA wote wa Marekani, kwa hiyo unaweza kwenda Atlanta ukakuta chumba kile kile ulichokikimbia, hasa Alpharetta. Piga simu kampuni zote mbili uulize: katika ofisi hii, si nchi nzima, mna mameneja wangapi Weusi, mna wabia wangapi, na naweza kuongea na mmoja kwa dakika ishirini? Jibu litakwambia mengi, na namna watakavyojiumauma kulitoa itakwambia zaidi. Kama Chicago watajibu sifuri na Alpharetta wakakuunganisha na meneja Mweusi siku hiyo hiyo, nirudie, nitakuwa tayari kupindua nusu ya niliyosema.

Nje ya ofisi, kwa fani yako Chicago ina ukoo ambao hakuna aliyekusimulia. Mwanamke Mweusi wa kwanza kupata CPA Marekani, Mary T. Washington, aliipata huko mwaka 1943. Ilikuwa huwezi kupata leseni bila uzoefu chini ya CPA, na kampuni za Wazungu hazikuajiri Weusi, kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli mbili. Yeye alifungua ofisi yake, na vijana Weusi wakawa wanatoka majimbo mengine kuja kufanya kazi kwake ili wapate ule uzoefu. Mji huo huo ndiko John Rogers alikoanzisha Ariel Investments mwaka 1983, na Loop Capital ikafuata 1997, kampuni za fedha za Weusi zinazoheshimika nchi nzima. Mkaguzi wa hesabu anayetaka kuhamia upande wa uwekezaji baadaye ana pa kubisha hodi. NABA, chama cha wahasibu Weusi kilichoanza 1969, kina matawi miji yote miwili. Jiunge wiki ya kwanza, nenda mikutanoni hata kama chakula ni kibaya.

Kwenye Uswahili wetu, Atlanta inashinda, sitaficha. Clarkston, kaunti ya DeKalb, imepokea wakimbizi wengi kwa miaka mingi, na Kiswahili cha Wakongo na Warundi unakisikia dukani. Wakenya wamejaa Marietta na vitongoji vya Cobb. Your DeKalb Farmers Market ina mihogo, ndizi na samaki. Chicago itabidi umtafute Mswahili mwenzako, wengi wako kaskazini, Rogers Park na jirani zake. Huko huko kuna Devon Avenue, mtaa wa maduka ya Wahindi na Wapakistani, ambako utapata dengu, iliki, unga wa chapati na viungo vya pilau kwa bei ya maana. Kuhusu ugali, usidanganyike na unga wa masa wa Wameksiko kwa kuwa ni mweupe na ni wa mahindi. Yale mahindi yamechemshwa na chokaa. Ukisonga unapata kitu kingine kabisa. Safari ya nyumbani haipendelei upande: Ethiopian wanaruka kutoka miji yote miwili.

Mama akikuuliza mchumba, mwambie hilo halimo kwenye ofa. Wasichana wasomi Weusi wa Atlanta watakueleza wenyewe kwamba wako wengi kuliko wanaume wanaowataka.

Kuhusu nyumba, Chicago ni pa kujikusanyia kwanza, kununua baadaye. Kodi ya majengo ya kaunti ya Cook ni nzito, kwa kawaida inakaribia mara mbili ya unayokutana nayo Georgia kwa nyumba ya thamani ile ile. Nyumba nzuri ya matofali Chatham, mtaa wa Weusi kusini mwa Chicago, inaweza kukuvutia kwa bei. Dai kwanza bili ya kodi ya miaka mitatu iliyopita, na ujue thamani yake inapanda polepole kwa sababu ya zile ramani nilizokutajia. Huna haja ya kuapa kuzikwa huko. Kaa miaka mitatu minne, panda uwe meneja, leseni yako inahamishika jimbo hadi jimbo bila usumbufu mkubwa. Ukienda Atlanta wakati huo, utakwenda na mshahara wa meneja, fedha za malipo ya mwanzo, na uwezo wa kuchagua ofisi iliyo upande unaotaka kuishi. Kwenda Atlanta baada ya Chicago ni rahisi. Kutoka Alpharetta na deni la gari ni kazi.

Wiki hii fanya haya. Waulize wa Alpharetta kama kuna dawati ofisi yoyote ya katikati ya mji, na kama siku tatu zinaweza kuwa mbili. Wakikubali kwa maandishi, hesabu yangu inalegea. Kwa wa Chicago, tafuta tangazo lenyewe la kazi. Tangu Januari 2025 sheria ya Illinois inamlazimu mwajiri mwenye watu 15 au zaidi aandike kiwango cha chini na cha juu cha mshahara. Kama 97,000 iko karibu na sakafu, omba zaidi, na hawaruhusiwi kukuuliza Indiana ulikuwa unalipwa ngapi. Omba pia fedha za kuhama, ukikumbuka zinakatwa kodi kama mshahara, kwa hiyo taja kiasi unachotaka kibaki baada ya makato. Na kwa kuwa bado si raia, ukishahama una siku 10 za kuwapa uhamiaji anwani mpya. Fomu inajazwa mtandaoni na ni bure. Ifanye siku ile ile unayopokea funguo.